Kocha wa viungo ana kitambi? Kagua mapaja ya wachezaji wake

Klabu ikitoa picha ya benchi jipya la ufundi, shabiki wa Bongo hasumbuki sana na kocha mkuu. Wasifu wa kocha mkuu unajulikana: alifundisha wapi, alibeba nini, alifukuzwa lini. Jicho linahamia pembeni ya picha, kwa yule jamaa wa kaptula na filimbi shingoni. Kocha wa viungo. Akiwa na kifua kimejaa na mikono inataka kuchana fulana, kijiwe kinaridhika: "Msimu huu tutakimbia." Akiwa na kitambi, kesi imeshakwisha kabla ya mazoezi ya kwanza: "Sasa huyu mzee atamkimbiza nani?"

Utani huo ungeishia kwenye kikombe cha kahawa, usingemuumiza mtu. Lakini viongozi wa klabu nao ni mashabiki, na macho yao ni yale yale. Klabu ya daraja la chini isiyo na fedha za kumlipa mtu aliyesomea kazi inamchukua baunsa wa gym ya jirani kwa sababu "jamaa ana bodi". Mchezaji wa Ligi Kuu akipewa likizo anatafuta kocha wake binafsi wa kumpiga tizi, na anamchagua kama mtu anavyochagua shati dirishani, kwa kulitazama tu. Anarudi kambini kifua kimepanuka, shingo imepotea, na hatua tano za kwanza zimekuwa nzito. Ligi haijafika mbali, anatoka uwanjani ameshika nyuma ya paja.

Kwa hiyo swali la kitambi ni zito kuliko linavyosikika kijiweni. Mwili wa kocha unasema nini hasa juu ya kazi yake?

Soka ina kisa kimoja kinachojibu swali hilo vizuri kuliko mahubiri yoyote, na kinamhusu Diego Maradona. Katika maisha yake walipita watu wa aina zote mbili: mwalimu asiye na mwili wa kutisha, na mtu wa vyuma.

Septemba 1983, beki wa Athletic Bilbao, Andoni Goikoetxea, alimvunja Maradona kifundo cha mguu kwenye uwanja wa Camp Nou. Ni katika kipindi hicho cha Barcelona ndipo Maradona alipokutana na Muargentina mwenzake, Fernando Signorini, mwalimu wa elimu ya viungo aliyekuwa amekwenda Ulaya kujifunza jinsi wenzake wanavyofanya kazi. Maradona akamchukua awe kocha wake binafsi. Leo jambo hilo ni la kawaida, kila nyota ana mtu wake. Wakati ule lilikuwa kituko. Timu ilikuwa na kocha wa viungo mmoja, na wote walikimbia mbio zile zile, mrefu kwa mfupi, beki kwa mshambuliaji.

Ukimtazama Signorini kwenye picha za miaka ile, unamuona mwalimu wa michezo wa kawaida kabisa. Hana kifua cha kuogopesha. Mlangoni kwa klabu ya usiku asingepewa kazi. Alichokuwa nacho ni maswali. Huyu mtu ana urefu wa sentimita 165, uzito wake uko chini, nguvu zake ziko kwenye hatua za kwanza na kwenye kugeuka ghafla. Kwa nini akimbizwe kilomita na kilomita kama mkimbiaji wa mbio ndefu? Walipohamia Napoli, kabla ya Kombe la Dunia la 1986, Maradona alipelekwa Roma kwa profesa Antonio Dal Monte, bingwa wa sayansi ya michezo, akapimwa na kutengenezewa mazoezi ya mtu mmoja, kwa kazi moja: kucheza Mexico, kwenye mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, mechi nyingine zikianza saa sita mchana jua likiwa utosini.

Kilichofuata kila mtu anakijua. Juni 22, 1986, Azteca, dakika ya 55, Maradona aliupokea mpira ndani ya nusu yake mwenyewe, akawapita Waingereza mmoja baada ya mwingine hadi kwa kipa Peter Shilton, akafunga. Watu wanazungumzia chenga. Ni nadra kumsikia mtu akizungumzia pumzi ya kukimbia hivyo, kwenye hewa nyepesi ile, mchana ule, baada ya kupigwa mateke kwa karibu saa nzima. Pumzi hiyo ilikuwa na mwalimu wake, na mwalimu huyo hakuwa na siksipaki ya kuonyesha mtu.

Miaka minane baadaye mambo yaligeuka. Kuelekea Kombe la Dunia la 1994 nchini Marekani, Maradona alikuwa na miaka 33, mzito, ameshatumikia adhabu ya miezi 15 kwa kokeini. Signorini akarudi, akampeleka shambani mkoa wa La Pampa, mbali na kelele za Buenos Aires, akaanza kumjenga upya taratibu. Uzito ukashuka. Juni 21 Maradona akaifunga Ugiriki bao ambalo kila mtu anakumbuka alivyokwenda kulishangilia mbele ya kamera, macho yamemtoka.

Lakini safari hiyo hakuwa na Signorini peke yake. Kulikuwa na mtu mwingine aliyeajiriwa kumhudumia: mjenga misuli, mtu wa gym, aliyeshika masuala ya chakula na virutubisho. Huyu ndiye ambaye kijiwe kingemuona kwenye picha na kusema, "Hapo sasa!" Juni 25, baada ya mechi na Nigeria, muuguzi aliingia uwanjani akamshika Maradona mkono, wakatoka wakitabasamu kwenda kupimwa. Mkojo ukakutwa na efedrini pamoja na ndugu zake. Kwa maelezo ya Maradona mwenyewe, kirutubisho alichozoea kutumia kiliisha wakiwa Marekani, mtu wake wa gym akanunua kingine chenye jina linalofanana, na hicho ndicho kilikuwa na efedrini ndani. FIFA ikamfungia Maradona miezi 15, na mtu wa gym naye akaadhibiwa. Argentina ikapigwa 2-0 na Bulgaria, halafu ikatolewa na Romania kwa 3-2. Maradona hakuichezea tena timu ya taifa kwenye mechi ya mashindano.

Sasa kijiwe kijibu. Kama wale wawili wangesimama pamoja mlangoni, mmoja amejaa misuli na mwingine mwalimu wa kawaida, nani angepewa kazi?

Ni lazima kumtendea haki mtu wa vyuma. Misuli haimfanyi mtu kuwa mjinga, na wako wajenga misuli wanaojua kazi hii vizuri kuliko wengi wenye vyeti. Lakini mwili ule ulikuwa tangazo la ulimwengu fulani. Kwa mjenga misuli, unga, vidonge na makopo ni sehemu ya maisha ya kila siku, na asipotaka mashindano yenye vipimo hakuna anayemuuliza kitu. Mchezaji wa soka anaishi kwingine. Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, zinasema mchezaji anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake. Kusema "kocha ndiye alinipa" hakumuondolei kosa. Dawa za kujenga misuli peke yake zinaweza kumfungia hadi miaka minne, na miaka minne kwa mshambuliaji wa miaka 26 ni kazi yote imekwenda na maji. Kile kile kilichomvutia mchezaji kwa kocha, yaani ule mwili, ndicho kilichotakiwa kumfanya aulize: ndugu, umeujengaje?

Maana mwili wa mtu una wazazi wengi. Kuna jasho, ndiyo. Kuna pia damu ya nyumbani kwao. Adama Traoré, winga wa Hispania ambaye mikono yake Wolves walifikia hatua ya kuipaka mafuta ili mabeki wasimkamate, ameshasema mara kadhaa kwamba hanyanyui vyuma. Wengi hawamuamini, na hilo ni shauri lao. Lakini kila mtaa una kijana wa namna hiyo, anabeba zege, anakula ugali na dagaa, na kifua chake kinamtia wivu mwenye kadi ya gym ya Masaki. Huyo akiajiriwa kuwa kocha atamfundisha mtu nini? Azaliwe upya kwa wazazi wengine? Kuna umri: kijana wa miaka 24 anayeshinda gym kutwa nzima atakosaje mwili? Na kuna sindano, ambayo haiachi alama kwenye picha.

Wahenga walishasema mganga hajigangi na kinyozi hajinyoi, na hakuna anayeingia kwa kinyozi akakagua kwanza kichwa cha kinyozi. Anatazama kichwa cha aliyetoka.

Mtu anayesumbua zaidi hoja ya mwili ni Zdeněk Zeman. Mcheki huyu aliyefanya kazi Italia karibu maisha yake yote ya ukocha alikuwa mvutaji wa sigara wa kutupwa. Picha yake bila moshi ni kama haijakamilika. Na mtu huyo huyo ndiye wachezaji wa Italia walimuogopa kuliko wote kwa mazoezi ya pumzi. Aliwapandisha na kuwashusha ngazi za jukwaani hadi miguu ikawaka. Foggia, timu ndogo ya kusini, aliipandisha Serie A mwaka 1991 ikicheza kwa kasi ambayo wakubwa hawakuizoea. Miaka 21 baadaye alifanya tena na Pescara, akiwa na vijana watatu wasiojulikana sana: Marco Verratti, Ciro Immobile na Lorenzo Insigne. Hakuna hata mmoja wao aliyemwambia, "Kocha, zima kwanza sigara ndipo nikimbie."

Kuna la ziada kwa Zeman ambalo vijiwe hulisahau. Mwaka 1998 ni yeye, mzee wa sigara, aliyesimama hadharani na kusema soka ya Italia itoke kwenye maduka ya dawa. Maneno yake yaliwachukiza wakubwa na yakaanzisha uchunguzi wa kisheria. Mapafu yake huenda yalikuwa meusi, lakini mchezaji aliyekuwa mikononi mwake alikuwa salama kuliko aliyekuwa mikononi mwa wengi waliokuwa na afya ya kupigia picha.

Karibu na nyumbani yuko Bruda Colm O'Connell. Mtawa huyu wa Ireland alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia shule ya St Patrick's. Riadha hakuisomea wala hakuwa mkimbiaji wa maana. Alijifunza kwa kutazama. Peter Rono alitoka kwenye mikono yake akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mwaka 1988. David Rudisha alikimbia mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ambayo hakuna aliyeivunja. Wakati huo Bruda alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, kofia kichwani, saa mkononi, amesimama kando ya njia ya vumbi. Rudisha angemshinda kwa kurudi nyuma. Haikuwa na maana yoyote, kwa sababu mzee hakuwepo pale kushindana naye. Alikuwepo kumtazama mabega, mikono, hatua, na kumwambia leo inatosha.

Hilo neno, "leo inatosha", ndilo gumu kuliko yote katika kazi hii, na hapo ndipo mwili mzuri unapoweza kumponza mwenye nao.

Kocha wa viungo anayependa mwili wake ana tabia ya kukimbia mbele. Shabiki anayepita ufukweni alfajiri anapenda sana kumuona hivyo: kocha mbele, wachezaji 25 nyuma, mchanga unaruka. Picha tamu. Lakini aliye mbele anaona bahari. Hamuoni yule beki wa kushoto aliye wa mwisho ambaye ameanza kukanyaga kwa unyayo wa nje kwa sababu enka inamuuma. Hamuoni kiungo aliyeshika nyonga. Kocha mwenye kitambi chake, aliyesimama kwenye kona na daftari, anawaona wote.

Mwenye mwili pia hujipima kwa mwili wake. Yeye anaweza, kwa nini wengine wasiweze? Kutoka hapo inazaliwa ile imani ya kale kwamba mazoezi bila mtu kutapika si mazoezi. Mashabiki wanaipenda mno. Taarifa kwamba wachezaji wametapika siku ya kwanza ya kambi hupokelewa kama bao. Ukweli wa mwili ni mwingine. Mchezaji aliyekaa likizo wiki kadhaa akila pilau za harusi, akitwishwa ghafla mzigo wa mwezi mzima ndani ya siku nne, misuli yake haina njia ya kupokea. Haichaniki siku hiyo. Inasubiri.

Na ligi ya hapa haimsubiri mtu. Timu inacheza Dar es Salaam, inapanda basi kwenda Mbeya zaidi ya kilomita 800, miguu imekunjwa kwenye kiti, inashuka kucheza Sokoine kwenye hewa ya juu, inarudi, inakuta mechi ya kombe. Zile zinazokwenda Afrika zinaongeza viwanja vya ndege na usiku wa kukosa usingizi. Katika ratiba hiyo kazi kubwa ya kocha wa viungo ni kujua nani asikimbie. Anamfuata kocha mkuu, ambaye viongozi wamemkalia kooni anataka ushindi, anamwambia namba kumi wako leo apumzike. Hapo panahitaji kifua, ndiyo, ila kifua cha aina nyingine.

Chukua tatizo la nyama za nyuma ya paja, ugonjwa mkuu wa wanaokimbia kwa kasi. Kuna zoezi moja la bure kabisa. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anajishusha mbele taratibu kadiri anavyoweza kujizuia, mgongo umenyooka. Wataalamu wanaliita la Nordiki. Tafiti zimeonyesha timu zinazolifanya kwa utaratibu hupunguza majeraha hayo karibu kwa nusu. Halihitaji chuma, halihitaji umeme, halihitaji gym ya kioo. Limo hata kwenye programu ya FIFA ya kupasha misuli iitwayo 11+, ya dakika kama 20, ambayo klabu ya kijijini inaweza kuifuata. Kwa nini basi halifanywi kila mahali? Halipendezi kwenye picha. Linauma siku za mwanzo, halivimbishi kifua, na faida yake ni jambo lisilotokea: mtu hakuumia. Kocha anayetegemea sifa ya mwili hana hamu na zoezi lisiloonekana.

Upande wa pili nao una hoja, na haifai kuupuuza. Mchezaji si mashine, ni kijana mwenye mdomo. Kocha akimwambia aache chipsi na soda huku shati lake mwenyewe linafunga kwa shida, chumba cha kubadilishia nguo kitacheka, na kocha anayechekwa hafundishi. Kwenye wiki za kwanza, kabla kazi haijaonekana, mwili ndiyo barua ya utambulisho. Tena kuna mambo ya kuonyesha kwa vitendo: jinsi ya kutua baada ya kuruka, goti liwe wapi, mgongo uwe wapi wakati wa kunyanyua chuma. Anayeshindwa kabisa kuinama atamuonyeshaje mtu kuinama? Anaweza kumtumia mchezaji mmoja kama mfano, na wengi wenye umri hufanya hivyo, lakini inambidi awe na ulimi mzuri na jicho kali zaidi.

Kuna pia kitambi na kitambi. Kitambi cha mtu wa miaka 55 aliyecheza, akaumia, akasoma, akafanya kazi miaka 20, ni tofauti na cha anayefika mazoezini saa mbili amechelewa, macho mekundu, ananuka usiku wa jana. Huyo wa pili kosa lake si tumbo. Ferenc Puskás alifika Real Madrid mwaka 1958 akiwa na miaka 31 na uzito ambao leo usingempitisha kwenye vipimo vya afya, na miaka miwili baadaye akafunga mabao manne kwenye fainali ya Ulaya dhidi ya Eintracht Frankfurt, iliyoisha 7-3. Tumbo limeshawadanganya watu wengi kwenye mchezo huu.

Kosa la klabu linafanywa pia na shabiki mwenyewe, kila Januari. Ana miaka 45, magoti yameshachoka na bonanza za Jumapili, presha iko juu kidogo na hajaipima tangu mwaka juzi. Anaingia gym, anaangaza macho, anamchagua mwenye mikono minene kuliko wote. Kijana ni mzuri wa tabia tu, lakini anachojua ni kile kilichomfaa yeye. Siku ya kwanza anamuwekea chuma begani, achuchumae. Siku ya tatu mzee wa watu hawezi kushuka daladala. Wiki ya pili haonekani tena, ada ya mwezi imeliwa, na maneno yake kijiweni ni kwamba mazoezi hayamfai.

Angemtambua kocha wa kweli kabla hajashika chuma chochote. Yule anauliza. Una presha? Sukari? Goti lipi liliumia, lini, ulitibiwa wapi? Unalala saa ngapi? Kazi yako ya kukaa au ya kusimama? Anaandika mahali, wiki ijayo analifungua daftari lile lile. Anaweza kuonyesha watu watatu wa umri huo huo aliokaa nao mwaka mzima, ambao bado wanakuja kwa miguu yao. Anayeanza kwa kuinua fulana aonyeshe tumbo lake ameshajibu swali ambalo mteja hakuuliza.

Kwa klabu swali ni hilo hilo, namba zake tu ndizo kubwa. Huyu kocha wa viungo alikotoka, wachezaji wangapi walikuwa wazima mwezi wa nne, ligi ikiwa kooni? Waliochanika misuli walirudi baada ya muda gani, na wangapi walichanika tena pale pale? Timu yake ilifungwa mabao mangapi baada ya dakika ya 75? Mambo hayo yote yanaweza kuulizwa kwa simu moja kwa daktari wa timu aliyotoka. Ni simu ya dakika kumi, na viongozi wengi hawaipigi. Wanaomba picha.

Maradona alikuja kuwa kocha wa Argentina, akaipeleka Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini, ndevu zina mvi, suti imebana tumboni. Alikuwa ameshapita mikononi mwa kila aina ya mtu anayejiita kocha wa mazoezi. Alipotakiwa kuchagua wa kuwaandaa akina Lionel Messi na Carlos Tevez, alimchukua Fernando Signorini, yule mwalimu wa Barcelona. Ujerumani iliwapiga 4-0 kwenye robo fainali, lakini hiyo ni kesi ya Javier Mascherano kuachwa peke yake katikati ya uwanja. Ya pumzi haikuwemo.